Raba Sikununulii, Mama Neema

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Ujumbe wako ulinikuta kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Kwa hiyo umeamua kweli. Watoto watatu, kazi, kikundi cha kina mama, na bado unataka kukimbia kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon mwakani. Na jirani yako ameshakuuliza unakimbizwa na nani. Mwache aulize, atazoea.

Ila hilo la mimi kwenda soko la Karume nikuchagulie raba "nzuri, namba 38, rangi isiyoshika uchafu", kisha nizipakie kwenye basi la Moshi, nimelikataa. Usinune. Kitenge ningekuchagulia hata bila kukuuliza. Raba ya kukimbilia inachaguliwa na mwenye mguu, na mguu wako uko huko. Soma kwanza hadi mwisho, ndipo unipigie unigombeze.

Tuanze na hiyo 38. Umeitoa wapi? Nina hakika ni ya viatu vya harusi yako. Mimba hulegeza mguu, upinde wa wayo ukashuka, na wanawake wengi wakishajifungua hubaki na miguu mirefu au mipana kidogo kuliko zamani. Wewe umebeba mara tatu. Juu ya hapo, mguu huvimba kutwa nzima, na ukikimbia huvimba zaidi. Kwa hiyo upime jioni. Tandika karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, Neema akuwekee alama pale kidole kirefu kinapoishia (kwa wengine kirefu ni cha pili, siyo gumba). Pima miguu yote miwili kwa rula, maana haifanani, ufuate ule mkubwa.

Hizo sentimita zitakusaidia kuliko 38. Raba nyingi zina kitambulisho ndani ya ulimi chenye namba za Marekani, Uingereza, Ulaya na sentimita, na 38 ya kampuni hii inaweza kukubana wakati ya kampuni ile inapwaya. Za Marekani ndizo zinazochanganya watu zaidi: 8 ya kike ni karibu sawa na 6 na nusu ya kiume. Muuzaji akikuambia "hii nane, dada, inakutosha", muulize nane ya nani.

Maana hapo kwenye soko lenu la Memorial utakuta raba za kiume zimejaa, na utaambiwa raba ni raba. Hapana. Kwa kawaida mguu wa kike una kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele. Ukivaa ya kiume, mbele pako sawa lakini nyuma kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na hayo ndiyo malengelenge yenyewe. Kampuni kwa miaka mingi zilichukua kalibu ya mguu wa kiume, zikaipunguza, zikapaka pinki, zikaita ya wanawake. Wala sishangai: marathon ya wanawake yenyewe iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, kule Los Angeles. Siku hizi zipo zilizotengenezwa kwa kufuata mguu wetu hasa. Lakini usiifanye sheria. Kama mguu wako ni mpana, ya kiume inaweza kukukaa vizuri kuliko zote, na hakuna atakayesoma kitambulisho ukiwa barabarani.

Kujaribu ndiko kwenyewe. Nenda na soksi utakazokimbilia, siyo zile nyepesi za kanisani. Vaa zote mbili, funga kamba, simama wima. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Bila hiyo, siku utakayoteremka mlima kucha zitakuwa nyeusi. Vidole vichezeke. Kisigino kitulie. Halafu kimbia. Usitembee kistaarabu mbele ya kioo kama unaenda sendofu. Kimbia kati ya mabanda, uende na kurudi, wacheke watakavyocheka. Ukihisi mahali panakwaruza, hata kidogo, vua. Utaambiwa "itatanuka hiyo ukiizoea". Kiatu cha ofisini labda. Raba ya kukimbilia inayoumiza dukani itakuumiza zaidi kilomita ya tatu.

Kuna jambo watu wa vikundi vya joging watakuchanganya nalo. Watakuambia ulowanishe mguu, ukanyage karatasi, uangalie kama una wayo bapa, halafu ununue raba maalumu ya kuzuia mguu usilalie ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kulowanisha sebule nzima. Lakini mwaka 2015 Benno Nigg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake waliandika kwamba ushahidi wa kuhusisha namna hiyo ya kukanyaga na majeraha ni dhaifu, wakapendekeza mkimbiaji achague kile ambacho mwili wake unakisikia kuwa na raha. Miaka mingi ya maabara, jibu ni raha! Bibi yangu angewaambia bure. Kama una maumivu ya zamani ya goti au kifundo, hilo ni la daktari, siyo la muuza raba.

Sasa mtumba. Najua utaenda mtumba, na mimi ndiko ninakonunua, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Kinachokufa kwanza kwenye raba ya kukimbilia ni povu la katikati, siyo ngozi ya juu wala soli ya chini. Likishakandamizwa sana linalala kama godoro la wageni, na kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana raba inayong'aa inaweza kuwa maiti. Bonyeza povu kwa gumba, pembeni na kwa ndani chini ya kisigino: lijae tena, lisibaki na shimo. Angalia mikunjo pembeni; ikiwa mingi na ya kina, rudisha. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma, na kama moja imelalia upande, mwenye nayo wa kwanza alishaimaliza, na wewe utakuwa unakimbia kwa mwendo wake. Geuza soli uone imelika wapi. Jaribu pia kuibandua mbele kwa vidole, maana gundi hukauka, na raba iliyokaa miaka kwenye boksi inaweza kuacha soli barabarani hata kama haijawahi kuvaliwa. Kampuni nyingine huchapa tarehe ya kutengenezwa kwenye kile kitambulisho cha ndani, ukiikuta, isome.

Na feki mpya? Mimi kati ya feki mpya na mtumba uliokaguliwa nachagua mtumba. Nyingi za feki zimenakili nembo tu, povu lenyewe ni gumu. Hapa najua hatutakubaliana, maana wewe hupendi kuvaa kilichovaliwa.

Usije pia ukashawishika na zile za mashindano, za soli nene zenye bamba gumu la kaboni ndani. Nakumbuka ulivyopiga kelele Magdalena Shauri wetu aliposhika nafasi ya tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Siku hiyo hiyo Tigst Assefa wa Ethiopia alishinda kwa 2:11:53, rekodi ya dunia wakati huo, akiwa na raba ya Adidas yenye gramu 138 iliyouzwa dola 500, na kampuni yenyewe ilisema imetengenezwa kwa marathon moja. Moja! Wewe tafuta ya mazoezi ya kila siku, povu la wastani, inayotulia chini. Kama utakimbilia lami za Shanty Town, soli iwe ya kawaida. Zile zenye meno makubwa ni za njia za udongo na mawe huko juu. Kwenye lami zinalika upesi na zinachosha.

Mambo madogo. Ukiona tundu la ziada la kamba juu kabisa, karibu na kifundo, usiliache: pitisha kamba upande ule ule ifanye kitanzi, kisha ya upande wa pili ipite ndani yake, uvute. Kisigino kinashikwa barabara. Sidiria ya michezo nunua mpya, uruke nayo dukani, na mkanda wa chini ndio ubebe kazi, siyo mabegani. Na raba hizo ni za kukimbilia tu, usiende nazo sokoni. Kwa kawaida husemwa zinadumu kilomita 500 hadi 800; ukikimbia 15 kwa wiki, hiyo ni miezi minane hadi mwaka mmoja hivi. Wiki za mwanzo kimbia kidogo, tembea kidogo, na kama mwili unalalamika siku ya pili usikimbilie kulaumu raba.

Hela yako nimekurudishia kwa simu, na ya kutolea nimeweka. Ongeza kidogo kama unaweza, kwa sababu kwenye mbio za miguu, ukitoa raba na hiyo sidiria, hakuna kifaa kingine cha maana cha kununua.

Februari nakuja, Mungu akipenda. Nitalala kwenu, kwa hiyo mwambie Baba Neema asijaze wageni wengine wa marathon kama kawaida yake, na aache kuniahidi mbege usiku wa kuamkia mbio. Wasalimie watoto. Mwambie Neema akikuchorea huo mguu asikufanyie mzaha na penseli, kalamu iwe wima.

Shoga yako,
Mama Salma