Barua kwa Rehema kabla ya kikao cha kamati

Kibosho, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa dada Rehema,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua imechelewa na Mama Shose bado analalamikia goti lake. Anakusalimu na anakukumbusha vile vitenge. Najua tumenyamaziana muda mrefu, na najua utajiuliza kwa nini nimevunja ukimya kwa barua ndefu namna hii badala ya kukupigia simu. Jambo nililonalo halitoshi kwenye simu, na ningependa ulisome ukiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Waliosoma katika shule yetu ya hapa parokiani wamechanga fedha ili shule ipate intaneti na vifaa vya kujifunzia. Fedha zimefika, na pamoja nazo ugomvi. Mwalimu Temba anataka tununue vishikwambi vya kutosha darasa zima, kila kimoja kiwe na laini yake na bando lake la mwezi. Mzee Kileo, kwa upande wake, hataki kusikia chochote ambacho hakikufungwa kwa waya. Anataka chumba cha kompyuta za mezani, chenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Kwa kuwa niliwahi kufundisha fizikia, kamati imenitaka niandike ushauri. Hayo nitakayokueleza unayajua kuliko mimi, kwa kuwa kazi yako ni mambo ya simu na mitandao, lakini nayaandika ili unisahihishe, kwani ndiyo nitakayoyasoma mbele yao.

Hoja ya Temba ni nzito na sitaki kuidharau. Simu ya mezani huku mlimani ilikuwa jambo la parokia na hospitali. Sisi wengine tulishuka Moshi mjini kupanga foleni posta. Simu za mkononi zilipoanza nchini mwaka 1994 zilikuwa za watu wenye magari, lakini baada ya mwaka 2000 kampuni zilipoongezeka na vocha ndogo zikaja, kijiji kizima kiliruka hatua ya waya bila kuigusa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, mkulima wa kahawa asiye na akaunti ya benki aliweza kupokea fedha kwa simu ya kitochi isiyo hata na intaneti. Wala si sisi peke yetu: mwezi Oktoba 2016 kampuni ya StatCounter ilionyesha kuwa, kwa mara ya kwanza, asilimia 51.3 ya matumizi ya tovuti duniani yalitoka kwenye simu na vishikwambi, na kompyuta za mezani na za mapajani zikabaki nyuma. Temba amezikariri takwimu hizi kama sala.

Nami nikamjibu kwamba simu haikushinda kwa sababu ya mawimbi ya redio pekee. Ilihitaji betri ya ayoni za lithiamu, ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na ilihitaji vichakato, yaani ubongo wa kifaa, visivyokula umeme mwingi, vya ukoo wa ARM uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Hivyo viwili vilipokutana na skrini ya kugusa, iPhone mwaka 2007 na simu ya kwanza ya Android mwaka uliofuata, kompyuta ikaingia mfukoni. Haya yote ni mazuri, lakini hayajibu swali linalonisumbua: watoto arobaini wakibonyeza kwa pamoja, nini kinatokea?

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, Rehema, maana hapa ndipo kamati inaponipotea. Mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha visiwa vyao na kompyuta ya chuo kwa redio, katika mtandao walioupa jina ALOHAnet. Vituo vyote vilitumia mkondo mmoja wa masafa kutuma. Wawili wakituma kwa wakati mmoja, maneno yao yaligongana na kuharibika, basi kila mmoja alingoja muda wa kubahatisha, kisha akarudia. Hesabu yake ni nzuri sana, ningeweza kuifundisha kidato cha sita: ukimwacha kila mmoja aseme anapotaka, sehemu ya mkondo itakayobeba ujumbe salama haivuki asilimia 18 hivi, hata kama watu wana hamu kiasi gani ya kusema. Ukiwalazimisha wote kuanza kwa kufuata mapigo ya saa ileile, inakaribia asilimia 37. Kanuni za Wi-Fi zilipotoka mwaka 1997 zilikitaka kila kifaa kisikilize kwanza kabla ya kutuma, na hilo lilisaidia sana, lakini kugawana kulibaki palepale. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo karibu kila kifaa cha bei nafuu kinayatumia, nafasi zisizoingiliana ni tatu tu.

Kwa hiyo niliwaambia wazee kwamba mnara wa simu ni mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Maji yanatoka kwenye banio moja, pale yanapoingilia mferejini, na haijalishi umechimba vijito vingapi kuelekea shambani kwako, maji hayaongezeki. Wanaoongezeka ni wanaogombana. Mzee Kileo, ambaye amewahi kusuluhisha ugomvi wa mfongo kwa fimbo, alielewa mara moja. Temba alisema mfano huo ni wa kizamani. Ila aje akae barazani kwangu saa mbili usiku, wakati kijiji kizima kimetoka shambani na kila mtu anaangalia video, aone kama ukurasa mmoja utafunguka. Laini arobaini kwenye mnara uleule ni vijito arobaini kutoka banio lilelile, tena kila kijito kinalipiwa ada yake kila mwezi.

Wananiambia: basi tungoje 5G. Imeanza nchini tangu mwaka 2022, na sina shaka itapanda mlima siku moja. Lakini mawimbi ya masafa ya juu, yale yanayobeba data nyingi, hayafiki mbali na hayapendi vizuizi, ilhali yale ya chini kama megahezi 700 yanavuka vizuri zaidi lakini yanabeba kidogo. Nawe unaijua Kibosho: bonde, mgongo, bonde, mgongo, na migomba juu ya kila kitu. Mwezi Agosti 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo huko juu Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Nawapongeza kwa dhati, ingawa inachekesha kwamba mtalii anaweza kutuma picha kutoka huko mawinguni wakati mwanafunzi wa kwetu anahangaika na simu nyuma ya jengo la maabara akitafuta upenyo.

Tena Mzee Kileo asidhani nimemtupa. Ana haki kuliko anavyojua, kwa sababu sehemu isiyo na waya ni kipande kifupi cha mwisho tu. Nyuma ya mnara kuna mkongo wa taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano ya nchi, na nyuma ya mkongo wa taifa kuna nyaya za baharini. Waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ndipo tulipoacha kutegemea setilaiti za bei ya kutisha. Tatizo la mpango wa Mzee Kileo ni kwamba kompyuta za mezani kumi na tano zitakula umeme ambao shule haina, na umeme wenyewe ukikatika… lakini hilo nitakuandikia siku nyingine, maana nitaanza kulia.

Ushauri ninaokusudia kuutoa ni huu. Tusinunue laini arobaini. Tununue antena moja nzuri ya nje, tuifunge juu ya paa ikitazama mnara, na laini moja. Ndani ya shule tuweke seva ndogo ya aina ya Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya kuhifadhi na kugawa masomo, inayotosheka na wati 15 na sola ndogo, tuijaze usiku wakati banio halina watu: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu, Wikipedia nzima kwa kutumia programu ya Kiwix inayoifanya isomeke bila intaneti, na masomo ya video. Mchana watoto wasome kutoka hapo kwa Wi-Fi ya gigahezi 5, yenye nafasi nyingi zaidi, bila kutoka nje ya uzio na bila kula bando. Kwa kusomea, walimu wanavyo tayari vile vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022, na vingine vinalala kabatini kwa kukosa data. Fedha zitakazobaki zinunue kompyuta chache za mapajani zenye kibodi halisi. Kijana anaweza kusoma kitabu kwenye kishikwambi, ila sijaona aliyejifunza kuandika programu au kutengeneza jedwali la hesabu za ushirika kwa kidole gumba. Mtoto wa Shirima amemaliza kidato cha nne, anaijua simu kuliko wote, na alipopelekwa ofisini hakujua faili linahifadhiwa wapi.

Sasa nisaidie, dada. Mlima ukitukinga na mnara, je, antena ya nje inaweza kufanya kazi kwa mwangwi wa bonde, au lazima tuuone mnara kwa macho? Wi-Fi 6, iliyoidhinishwa mwaka 2021, inaweza kukata mkondo mmoja vipande na kuwahudumia wengi kwa pamoja. Je, ina maana yoyote kwetu ikiwa vishikwambi ni vya zamani na havielewi lugha hiyo? Gigahezi 5 itapenya ukuta wa tofali la kuchoma, au kila darasa linahitaji kisambazi chake? Kampuni za simu zina bei ya shule, au ni maneno ya mabango? Na hili la mwisho ni la Mama Shose: Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, je, hapa kwetu mna mpango wa kuzima 2G, ule mtandao wa zamani wa vitochi, na kitochi chake anachopokelea fedha za kahawa kitakuwa mgeni wa nani?

Kikao ni Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Ukiweza, nijibu kabla ya Alhamisi, ili nipate siku ya kuandika upya yale utakayoyafuta. Ukiamua kupiga simu, usipige saa mbili usiku, sababu unaijua.

Msalimie shemeji, na vitenge usivisahau.

Wako,
Adela