Tukifika Split tusishindie mkate na mayai

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie ndugu zangu wa Pwani wanaokwenda Kroatia, hasa mabaharia wetu na vijana wanaofuata kazi za hoteli. Septemba nilikaa mji wa Split siku kumi na moja, kwa binti wa dada yangu aliyeolewa kule. Nimepika hotelini hapa Mombasa miaka ishirini na sita. Kilichonisikitisha ni kukutana na vijana wawili wa kwetu, Waislamu wenzangu, wiki ya tatu wanaishi kwa mkate, mayai na chipsi, eti chakula cha kule chote ni nguruwe na divai. Si kweli, na inaniuma mtu wa pwani kulala njaa ilhali bahari iko mlangoni pake.

Waanze na soko la samaki, Peškarija, lililo nje kidogo ya kuta za kasri la Diocletian, mfalme wa Kirumi wa kale. Wenda asubuhi na mapema. Pana harufu ya salfa inayotoka kwenye chemchemi za hapo karibu, na wenyeji husema ndiyo inayofukuza nzi; nami kweli sikumwona hata mmoja juu ya meza za ngisi. Sadini, wanazoziita srdele, ni rahisi na mbichi kabisa. Aliye na jiko alipolala hana haja ya mkahawa.

Anayekwenda mkahawani asikilize yaliyonipata. Jioni ya kwanza niliagiza samaki aitwaye orada, wa kuchoma, mahali pamoja penye mwonekano mzuri wa bahari. Kwenye menyu paliandikwa euro 70, na chini kwa maandishi madogo: kwa kilo. Samaki aliletwa kashachomwa. Sikumwona mbichi wala kwenye mizani. Bili ikasema gramu 920, euro 64 na senti 40. Mimi nimepaa samaki maisha yangu yote, na yule hakuzidi nusu kilo. Nililipa kwa sababu sikuwa na ushahidi. Tangu siku hiyo nikawa nasema kwanza: niletee samaki nimwone, mpime mbele yangu, niambie bei yake, kisha mchome. Hawakukasirika hata mara moja. Na uliza kama ni wa kufugwa au wa baharini, maana wa kufugwa bei yake yapaswa kuwa chini.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kinaitwa marenda. Ni mlo wa wafanyakazi, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, katika mikahawa midogo inayoitwa konoba. Ukiona ubao wa chaki mlangoni na mafundi wenye ovaroli wamejaa ndani, ingia. Nilikula sadini za kuchoma na blitva kwa euro 11, nikashiba hadi magharibi. Hiyo blitva ndiyo spinachi hii hii tunayouziwa Kongowea, yenye bua jeupe nene. Wao huichemsha na viazi, wakatia kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Jioni konoba hizo hizo bei hupanda.

Kuhusu divai, hofu ya vijana wale ina msingi, ila wameipeleka mbali mno. Wali mweusi wa wino wa ngisi kwa kawaida hutiwa divai, na mchuzi wa samaki uitwao brudet, unaoliwa na palenta, yaani ugali wa mahindi, nao mara nyingi huwa nayo. Vyakula hivyo hukaa jikoni vimeshapikwa, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Maneno ni mawili tu: bez vina, bila divai, bez svinjetine, bila nguruwe. Kama mko watu wanne au watano, agizeni pweza wa peka siku moja kabla. Hufunikwa kwa kifuniko cha chuma kilichopaliwa makaa juu, vile vile tunavyopalia wali, na kwa kuwa mnapikiwa nyinyi peke yenu, mtu ana nafasi ya kusema divai isitiwe.

Kisha wapite soko la mboga, Pazar, upande wa mashariki wa kasri, wanunue soparnik. Ni tabaka mbili za unga uliosukumwa mwembamba kama chapati, katikati blitva, kitunguu na kotimiri, unaokwa mekoni chini ya majivu ya moto halafu unapakwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Asili yake ni Poljica, eneo la karibu na Split, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulisajili jina lake. Wakristo wa huko walikuwa wakila siku za mfungo, ndiyo maana hauna nyama. Nilikula vipande vitatu nimesimama.

Pašticada, nyama ya ng'ombe ya sherehe, sikutarajia kuionja, maana huchomekwa mafuta ya nguruwe na kupikwa kwa divai tamu. Mpwa wangu akanifuata jikoni: "Mama mdogo, mama mkwe anasema leo yako anaipika mbali." Kumbe nyama ameinunua kwa mchinjaji wa Kiislamu. Mama yule aliilaza usiku kucha ndani ya siki, akaitoboa akachomeka saumu na karoti, akatia matunda makavu yanayoitwa plamu, na badala ya divai akatia maji ya zabibu. Alipofungua kopo la karafuu nikanusa, nikajua zimekaa miaka. Nikamweleza kwa kinywa cha mpwa wangu kwamba karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta. Akajaribu, kavu. Juzi nimempa baharia mmoja robo kilo ya karafuu za Pemba ampelekee.

Mpishi, Mji wa Kale, Mombasa