Sanduku la kuelea kwa darasa lako

Dar es Salaam

Swahiba,

Habari za huko Mbagala? Huku kwetu joto ni lile lile.

Kuhusu kifaa cha kuwaonyesha wanafunzi wako kuelea na kupinduka, shauri langu ni usihangaike kuchonga jahazi la kupendeza. Tengeneza sanduku tu. Hesabu za sanduku zinafanyika ubaoni, na majibu yake unayapima kwa rula. Kitu ambacho vitabu hukipitia haraka ni kwamba uzito ndio unaoamua chombo kizame kiasi gani, ilhali kupinduka ni habari ya upana wa chombo na mahali uzito ulipokaa. Kwa hiyo kifaa chako lazima kiweze kupinduka bila kuongezewa hata gramu moja.

Kata plaiwudi ya milimita 4: urefu sentimita 40, upana 16, kimo 10, vyote kwa vipimo vya nje. Viungo vibane kwa misumari midogo, kisha uvizibe kwa silikoni. Gundi nyeupe ya mbao peke yake italainika ikilowa. Paka rangi ya mafuta mikono miwili, ndani na nje, na usisahau kingo za mbao, maana ndiko plaiwudi inakonywea maji. Ikinywa, uzito unabadilika katikati ya somo na hesabu zote zinakwenda mrama.

Kwenye mstari wa kati simamisha fito 2 za sentimita 2 kwa 2, zenye kimo cha sentimita 32, moja mbele na moja nyuma, zikiachana sentimita 20. Pigilia misumari kila baada ya sentimita 4, ikitokeza pande zote mbili. Halafu nenda kwa fundi wa kuchomelea umwombe vipande vya nondo ya milimita 12, jumla kama mita moja na nusu. Nondo hiyo ina gramu 888 kwa mita, hivyo kipande cha sentimita 27 ni gramu 240. Vipande 2 vya namna hiyo ndivyo vitakavyopanda na kushuka kwenye misumari, kimoja kila upande wa fito. Kata kingine cha sentimita 11 na robo, ambacho ni gramu 100. Zinazobaki zibandike sakafuni kwa silikoni, kwa urefu wa sanduku, sawasawa kushoto na kulia, mpaka mizani isome gramu 1,920 kwa kila kitu pamoja.

Kwa nini 1,920? Kitako kina sentimita za mraba 640, kwa hiyo sanduku litazama sentimita 3 kamili. Chora mistari ubavuni kila milimita 5. Kila gramu 64 zikiongezwa, linazama milimita moja zaidi. Hapo Archimedes, mwenye kanuni ya kuelea, amemaliza kazi yake.

Sasa kupinduka. Kitovu cha nguvu ya maji inayolisukuma sanduku juu kiko nusu ya kina, yaani sentimita 1.5 kutoka chini. Metasenta, yaani kikomo ambacho kitovu cha uzito hakipaswi kukipita, iko juu yake kwa upana mara upana, gawanya kwa 12 mara kina: 256 kwa 36, kama 7.1. Jumla 8.6. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya hapo, sanduku linajirudi lenyewe. Nondo za kupanda zikiwa bado sakafuni, kitovu hicho kitakuwa karibu 2.5. Hakikisha kwa kulilaza sanduku kwa ubavu juu ya ukingo wa rula mpaka lisawazike. Nondo za kupanda ni robo ya uzito wote, kwa hiyo kila msumari mmoja unapandisha kitovu sentimita moja.

Zikiwa msumari wa tatu, sogeza ile ya gramu 100 sentimita 6 kutoka katikati kwenda ubavuni. Timazi yenye uzi wa sentimita 30, iliyofungwa kwenye fito ya nyuma, isogee karibu sentimita 3. Ikigoma, tazama kama sanduku linagusa beseni. Feni nayo izimwe, hata wakilalamika.

Karibu na msumari wa sita sanduku litakataa kusimama wima. Waambie mapema kwamba halitapinduka papo hapo: litalala upande na kutulia, kisha ukipandisha tena ndipo litakwenda. Wasiojua hudhani kifaa kimeharibika.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la maji ndani. Rudisha nondo msumari wa tatu, mimina nusu lita. Maji yatakimbilia upande ulioinama na sanduku litalala. Kisha likaushe, gundisha ubao wa kimo cha sentimita 4 katikati ya sakafu, uzibe vizuri, umimine robo lita kila upande. Litasimama, kwa sababu madhara ya maji yanayocheza yamepungua hadi robo. Mwezi Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, mlango wa mbele ukiwa wazi. Maji yakaenea kwenye sitaha ya magari isiyo na kizuizi, na watu 193 wakafa. Wanaopanda pantoni la Kigamboni kila siku watakuelewa upesi.

Maji ya bahari usiyajaribu na sanduku hili, tofauti haifiki milimita moja. Tumia mrija wa juisi uliozibwa chini kwa plastisini: ukizama sentimita 16 kwenye maji ya bomba, baharini utapanda kama milimita 4.

Ukikosa plaiwudi ya milimita 4, ya 6 inafaa. Punguza tu nondo za sakafuni na upime upya kitovu cha uzito.

Wasalaam,
Wako wa Temeke