Mheshimiwa, kabla simu yangu kufuatwa jaji aulizwe kwanza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua wenzangu huwa wanaandika kuhusu maji na barabara na basari, na mimi pia maji sina, lakini leo nataka kumwandikia mbunge wetu mambo ya simu, na nampitishia hapa makusudi manake barua ikipelekwa ofisini kwake italala kwa kabati, ila ikitoka gazetini kuna watu wataisoma na kumuuliza akija matangani.

Mheshimiwa, assalaam aleikum. Sizunguki. Nataka ulete mswada bungeni, ama uunge mkono mwenzako atakayeuleta, unaosema polisi au ujasusi au ofisa yeyote wa serikali asipewe rekodi za simu ya mtu wala aonyeshwe mtu alipo mpaka jaji au hakimu atie sahihi kwanza. Na uchunguzi ukiisha, yule mtu aambiwe. Hayo mawili tu.

Wengi wakisikia kuchunguzwa wanafikiria kuna jamaa amevaa hedifoni mahali anasikiliza ukigombana na mkeo. Hilo lipo pia, lakini hata halihitajiki sana siku hizi. Simu ikiwashwa inajisajili kwenye mnara ulio karibu, ukitembea inahama mnara hadi mwingine, na kampuni ya simu inabaki na rekodi: ulimpigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, na wakati huo ulikuwa umeshikwa na mnara gani. Hata kabambe isiyojua intaneti ni kitu gani inaacha alama hizo hizo. Ukichukua rekodi za mwezi mmoja unajua mtu analala wapi, anaswali msikiti gani, anaenda kliniki gani na kila Alhamisi jioni anapitia kwa nani, yote bila kusikiliza neno lake hata moja. Na usidhani ukitupa laini umepona, bonyeza *#06# uone ile namba ndefu inayotokea, hiyo ni ya simu yenyewe, ukiweka laini mpya namba ni ile ile. Vijana wanaotengeneza simu pale Mwembe Tayari wote wanalijua hili, sijui kwa nini bungeni linazungumzwa kama siri.

Sasa sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha, na inataja waziwazi mawasiliano yasiingiliwe. Halafu sheria ya mawasiliano kifungu cha 31 (namba zimegongana tu) inasema kampuni ya simu ikinasa ujumbe wa mteja au kuutoa nje ya kazi yake ya kawaida ni kosa, faini mpaka shilingi 300,000 au jela miaka 3 au zote mbili. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Na sheria ya ugaidi ya 2012 kifungu cha 36 ilikuwa tayari inasema ofisa wa polisi wa cheo cha Chief Inspector kwenda juu anaweza kwenda Mahakama Kuu, bila hata mshukiwa kujua, akaomba ruhusa ya kunasa mawasiliano. Yaani njia ilikuwepo, na ilikuwa inapita kwa jaji.

Ndipo ikaja Desemba 2014. Unaikumbuka ile siku Mheshimiwa, hata kama hukuwa bungeni, nchi nzima iliona kwa TV, makaratasi yanarushwa, naibu wa spika marehemu Joyce Laboso anamwagiwa maji, watu wazima wanakabana mashati. Mswada wa sheria za usalama ukapita katikati ya vurugu hiyo tarehe 18, Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi kesho yake. Humo ndani ndimo kilipoingizwa kifungu cha 36A kwenye ile sheria ya ugaidi, ambacho kinasema vyombo vya usalama vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na waziri. Jaji hatajwi kabisa. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakavifuta vifungu 8 vya sheria ile, lakini hiki wakakiacha.

Hapa ndipo nina swali langu kwako, na ni swali dogo. Kifungu chenyewe kinasema waziri atatunga kanuni, na kanuni hizo hazitaanza kufanya kazi mpaka Bunge la Taifa lizipitishe. Zilishafika mezani kwenu? Lini? Zinasema nini? Zikiwa zilipita, tuonyeshe tuzisome. Zikiwa hazikupita, basi ukitusikia tukilalamika ujue tunauliza hawa watu wanafanya kazi kwa ruhusa ya nani.

Najua utasema ugaidi. Mheshimiwa, sisi wa Pwani huwezi kutufundisha ugaidi. Mpeketoni iliyoshambuliwa ni jirani zetu. Garissa walikufa watu 148, wengi wao watoto wa watu waliokwenda chuo kusoma. Na nakubali kabisa, shambulio la hoteli ya DusitD2 Januari 2019 rekodi za simu na za kutuma pesa ziliwasaidia wapelelezi kuwafuata waliohusika mpaka wakafikishwa kortini. Hakuna mwenye akili timamu anayesema polisi wasiangalie simu ya gaidi. Nachosema mimi ni waombe. Na hiyo habari ya kwamba mahakama inachelewesha mimi siikubali tena, tangu 2020 Nairobi wanafaili kesi kwa mtandao na Machi 2024 mfumo huo ukatandazwa nchi nzima, majaji wanasikiza kesi kwa video wakiwa wamekaa nyumbani, unaniambia ofisa hawezi kupata jaji mmoja wa zamu usiku? Wekeni hata saa 24 za dharura kwenye sheria, kwamba mtu akiwa ametekwa au bomu linatafutwa polisi waanze halafu waende kwa jaji kabla siku haijaisha. Mimi sina tatizo na hilo.

Kinachonitia hofu ni mwaka 2024. Vijana walitoka Juni kupinga mswada wa fedha, tarehe 25 wengine wakapigwa risasi mbele ya bunge lenu, kesho yake mswada ukaondolewa, na baada ya hapo ikawa habari ni Subaru zisizo na namba. Mtu anachukuliwa kinyozi, mtu anachukuliwa getini kwake, na wengine walikuwa wamehama nyumba na wamebadilisha laini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema Desemba ile kwamba tangu Juni watu 82 walikuwa wametekwa na 29 kati yao bado hawajulikani walipo. Rais William Ruto mwenyewe akasimama Homa Bay siku chache baadaye akasema utekaji utakomeshwa. Polisi wao walikataa kwamba ni wao.

Waliwapata vipi? Mimi siwezi kukuambia, wala wewe huwezi, na Mheshimiwa hapo ndipo naomba usimame kidogo. Hatuwezi kusema kwa sababu hakuna karatasi. Kama sheria ingelazimisha amri ya jaji kwa kila ombi, basi kila ombi lingekuwa na jina la aliyeomba, cheo chake, tarehe, saa na sababu, na mama wa yule kijana angekwenda kortini na wakili akasema nionyesheni nani aliomba rekodi za namba hii. Kama hakuna aliyeomba, polisi wamesafika jina. Kama yupo aliyeomba, anajulikana. Amri ya mahakama inamlinda hata polisi mwenye kufuata sheria, sijui kwa nini wanaiogopa.

Na sisi huku kabla ya hao vijana wa Gen Z wa 2024 tulikuwa tushayaona. Shirika la Haki Africa lilitoa ripoti mwisho wa 2016 ikihesabu watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa kati ya 2012 na 2016, na wakati ule Nairobi hakuna aliyeandamana, ilikuwa ni habari za vijana wa Kiislamu wa Majengo na Likoni, tukaambiwa serikali inajua inachofanya. Hilo hilo shirika pamoja na Muhuri, baada ya Garissa 2015, yaliwekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kushirikiana na magaidi na akaunti zao za benki zikafungwa, mpaka mahakama hapa Mombasa ikasema mwaka huo huo hakuna ushahidi na akaunti zikafunguliwa. Watetezi wa haki! Sasa kama wao waliwekwa kwenye orodha, mimi mwenye duka la vocha nitaambia nini watu siku namba yangu ikiwa kwenye orodha kwa sababu mteja alinipigia mara tatu kuulizia float, ile pesa ya wakala.

Niseme jambo lingine linaloniudhi, nalo si la polisi. Tumezoeshwa vibaya. Ukienda jengo lolote mjini mlinzi anakusukumia daftari, kalamu imefungwa na kamba, andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kwa nani. Ukurasa uko wazi, unasoma wote waliokutangulia tangu asubuhi. Dada mmoja rafiki yangu aliandika namba yake hivyo jioni akaanza kupata meseji za "mambo mrembo" kutoka kwa mtu asiyemjua. Tuna sheria ya kulinda data tangu Novemba 2019, tuna na kamishna na ofisi yake, na daftari bado lipo pale pale. Mtu akizoea kutoa namba yake kwa kila mwenye yunifomu hatashangaa serikali ikichukua bila kuuliza. Hilo ni letu wananchi, sikulaumu wewe.

Nikushukuru pia manake haki ni haki. Mswada wa fedha wa 2025 ulitaka kuifutia KRA, mamlaka ya kodi, kile kizuizi kinachoikataza kudai data za kibinafsi za wateja kutoka kwenye mifumo ya wafanyabiashara, na kamati ya fedha ya bunge ikakataa na kifungu kikatolewa. Vizuri sana. Inaonyesha mkitaka mnaweza, na jua halikuanguka, kodi bado inakusanywa. Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema agizo la Mamlaka ya Mawasiliano la kutaka namba za IMEI (ile namba ndefu ya *#06#) za simu zote zinazoingia nchini zipelekwe serikalini halikufuata katiba. Na kabla ya hapo Januari 2020 majaji watatu walishakataza Huduma Namba, ule mfumo wa serikali wa kusajili watu, kuchukua DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Lakini angalia, karibu kila mara ni mahakama ndiyo inayotukinga, mwananchi mmoja au shirika moja linakwenda kushtaki baada ya kitu kutangazwa. Kunasa simu hakutangazwi. Utashtaki kitu usichokijua?

Ndiyo maana nasisitiza lile la pili, mtu aambiwe baadaye. Si jambo la ndoto. Afrika Kusini kulikuwa na mwandishi, Sam Sole wa amaBhungane, kituo cha waandishi wapelelezi, aligundua simu zake zilikuwa zinasikilizwa, wakaenda kortini, na Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano ya 2002 ina kasoro, mojawapo ni kwamba mtu haambiwi kabisa hata uchunguzi ukiisha. Majaji wakalipatia bunge miaka 3 kurekebisha na kwa wakati huo wakaweka kwamba mtu aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kumalizika, na kama kumwarifu kutaharibu upelelezi basi jaji aombwe kuongeza muda. Afrika Kusini wana majambazi kuliko sisi na hawakusema nchi itaanguka.

Na ukiwa huko huko, ule mswada wa 2025 ulioletwa na mbunge wa Aldai unaotaka kila mteja wa intaneti awe na namba ya mita kama ya stima, ukija mezani kwenu naomba uulize nani atakayesoma hizo mita na atazipeleka wapi. Mimi bando nanunua ya shilingi 20, sihitaji mita.

Sasa najua una mambo mengi, kuna CDF, ile pesa ya maendeleo ya jimbo, na harambee na mazishi. Usipopata nafasi ya kujibu barua yote basi nijibu lile la kanuni za 36A peke yake, kama zilipita bungeni au hazikupita. Ukijibia hapa hapa gazetini itakuwa vizuri zaidi. Sisi tunaandaa ombi rasmi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 cha katiba, sahihi tunakusanya dukani na baada ya sala ya Ijumaa, na nafasi ya jina lako tumeiacha juu kabisa.

Msomaji wenu,
Mombasa