Soko la wakulima, mkulima mwenyewe yuko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo nimekaa nalo wiki mbili na nyumbani washachoka kunisikiliza.

Mimi ni mtu wa soko la wakulima la wikiendi. Jumamosi asubuhi wenzangu bado wamejifunika mi nishashika vikapu vyangu viwili niko njiani. Wala siendi kwa ajili ya bei, tusidanganyane, bei ya pale mara nyingi haipishani na ya dukani na vingine viko juu kabisa. Naenda kwa ajili ya yule mtu aliyesimama nyuma ya meza. Nataka nimuulize umechuma lini, umepulizia dawa gani, hii kitu naipikaje, na yeye anijibu palepale kwa sababu alikuwepo.

Sasa wiki mbili zilizopita nikafika kwenye meza moja imepangwa ikapangika, nyanya zote saizi moja utadhani zimetoka mashineni, machungwa yanang'aa, na bango kubwa juu "Moja kwa moja kutoka shambani kwetu". Kijana wa pale mchangamfu balaa, karibu dada, onja dada, leo nakuongezea. Nikaonja, nikanunua machungwa nikajaza kikapu kimoja, nikarudi nyumbani nimefurahi kweli. Naosha, kidole kinanata. Nageuza chungwa naona alama ya gundi ya mviringo, kama ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pembeni yake kumebaki kipande cha stika chenye 4 na 0, mwanzo wa zile namba nne keshia wa supamaketi anazobonyeza wakati anapima matunda. Nikaanza kukagua moja moja. Kati ya machungwa kumi na nne, tisa yana gundi. Yaani mtu alikaa chini akabandua stika tunda kwa tunda, na hilo moja ndo likamshinda!

Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika.

Jumamosi iliyofuata nikawahi makusudi kabla soko halijafunguliwa. Gari likaja, yakashushwa maboksi ya kadibodi yenye jina la kampuni ya kufungasha matunda, jamaa wawili wakahamishia kila kitu kwenye vikapu vya kusuka, vizuri kabisa, na majani mawili matatu wakachomekea juu. Maboksi yakakunjwa, yakasukumwa chini ya meza, kitambaa kikashushwa. Ilipofika saa ya kufungua "shamba letu" lilikuwa tayari.

Mhariri, nisieleweke vibaya. Mchuuzi sina ugomvi naye hata kidogo, kununua jumla ukauza rejareja ni kazi halali na ya jasho, bila hao watu mji mzima ungelala njaa. Ila aseme! Aandike "nimenunua soko la jumla" na mi nitaamua mwenyewe, pengine nitanunua tu kwa sababu machungwa ni matamu. Ninachokataa ni kuuziwa hadithi.

Na hii sio hadithi tu ya kujifurahisha, ipo sababu ya mtu kulipa zaidi pale. Chukua hindi bichi lile tamu. Likishachumwa tu sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto ndo linaharakisha kabisa, kwa hiyo lililovunwa jana jioni na lililozunguka kwenye maghala siku nne ni vitu viwili tofauti mdomoni hata kama kwa macho ni mapacha. Nyanya nayo, ya kusafiri mbali inachumwa ingali kijani na ngumu ili isipondeke, halafu inaivishwa kwa gesi ya ethilini, ambayo wala sio sumu jamani, ni gesi ileile tunda lenyewe hutoa likiiva, lakini nyanya iliyochumwa mapema namna hiyo haikupata muda wa kujaza utamu kutoka kwenye mmea wake. Na ikiwekwa kwenye baridi chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake inapotea, ndo maana nawaambia watu kila siku msiweke nyanya kwenye friji, hawasikii.

Matunda ndo yanawachanganya wengi zaidi. Embe, ndizi, papai, parachichi, hayo yakichumwa yamekomaa yanaendelea kuiva nyumbani, na parachichi ndo kabisa haliivi mtini, linasubiri lichumwe. Lakini chungwa, zabibu, nanasi, stroberi, utamu uliokuja nao siku ya kuchumwa ndo huohuo, ukiliweka wiki nzima kabatini litalainika au litaoza, sukari haiongezeki. Kwa hiyo swali la "umechuma lini na likiwa limefikia wapi" sio umbea wa mteja mwenye muda wa kupoteza, ndo bidhaa yenyewe ninayonunua. Mtu aliyebandua stika atanijibu nini?

Anayeumia zaidi hapo sio mimi. Mwisho kabisa wa soko, karibu na mapipa ya taka, kuna mama mmoja anakuja na meza ndogo. Siku hiyo alikuwa na vitunguu, mayai na mafungu ya mboga za majani zenye matundu ya wadudu. Basi. Nikamuuliza mama mbona leo huna nyanya, akaniangalia kama nimeuliza mbona huna theluji, akasema "mwanangu, nyanya zangu bado ziko na maua". Hilo jibu peke yake lilinitosha kujua huyu analima. Watu walikuwa wanampita wanakimbilia kwenye meza yenye kila kitu cha kila msimu, na sisi wateja tuna hatia hapo, tunataka soko la wakulima lakini tunataka pia nyanya mwezi ambao hazipo. Mkulima atashindanaje na mtu ambaye "shamba" lake halina msimu, halinyeshewi, haliliwi na wadudu?

Kuna watakaosema haiwezekani kudhibiti, soko lina watu wengi. Mbona wenzetu wamejaribu. Kule California, tangu miaka ya 1970 mwishoni, masoko ya wakulima yenye kibali yana utaratibu wa mkulima kupewa cheti na ofisi ya kilimo ya kaunti, kimeorodhesha mazao anayolima, na anakitundika mezani watu wakione. Unauza machungwa, cheti chako hakina machungwa, una maelezo ya kutoa. Hata hivyo ujanja haukuisha, mpaka 2014 wakapitisha sheria nyingine ya kutaka kila mkulima aweke bango linalosema waziwazi kwamba tunachouza tumekilima wenyewe, na ukidanganya kwenye bango hilo ni kosa. New York nao, masoko yao yaliyoanza 1976 yana wakaguzi wanaokwenda mpaka shambani kuangalia kama kinachouzwa mezani kipo ardhini.

Mi sidai tuanze na wakaguzi. Naomba kamati ya soko letu ianze na karatasi moja tu kwa kila meza, maandishi makubwa: nani kalima, wapi, kavuna lini, na kama ni cha kununua iandikwe cha kununua. Na bei ya kukodi meza ya mkulima mdogo isilingane na ya mwenye gari na vijana wanne, hapo karibu na mapipa wasimpange tena mtu mwenye mayai.

Wasomaji wenzangu na sisi tuamke. Ukifika usinunue meza ya kwanza, zunguka soko lote mara moja mikono mitupu. Meza ikiwa na zao la msimu huu na la msimu ujao pamoja, uliza. Chungulia chini ya meza, sioni aibu kusema. Lakini pia tusiwe wajuaji wa kuonea watu bure, nilimkuta mteja mmoja anamfokea muuza asali eti imeganda kwa hiyo umechanganya sukari, mzee wa watu anajitetea mpaka sauti inatetemeka. Asali halisi nyingi huganda, ni glukosi yake inajitenga na kuwa chembechembe, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu itarudi. Wala isiyoganda sio lazima iwe feki, zipo asali halisi zinazokaa muda mrefu bila kuganda. Na tafadhali, tuache kubonyeza kila parachichi kwa dole gumba halafu tunaondoka, yule wa nyuma yako ndo atakuta doa jeusi ndani.

Yule kijana wa machungwa nilimrudia, kwa taarifa yako. Nikamwonyesha kile kipande cha stika, nilikibandika nyuma ya simu. Akakitazama, akatazama kulia na kushoto, akaniambia kwa sauti ya chini "dada, bosi ndo anasema tubandue", kisha akanipa machungwa matatu ya bure. Niliyapokea, nisiseme uongo. Matamu vilevile.

Yule mama kaniambia nyanya zake zitakuwa tayari baada ya wiki tano hivi, jua likikubali. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Msomaji wako,
Mwenye vikapu viwili