Picha ya ndege wa Hombolo

Habari za jioni wanakikundi. Picha iliyopigwa Hombolo, kule Dodoma, mnayouliza ni ya ndege gani, nimeiona. Imepigwa kuelekea jua, ndiyo maana ndege anaonekana mweusi tii. Rangi hapo si ya kuamini. Tazameni mdomo na mkia. Aliyesema kunguru, mkia mrefu mwembamba namna ile kunguru anautoa wapi? Mimi naegemea kuzi wa kijivu, yule ndege mwenye mkia mrefu anayepatikana Tanzania pekee, ila jicho lake jeupe-jeupe halionekani.

Mwenye picha, tuma ile halisi kama dokumenti, maana WhatsApp huzibana picha. Usiikate. Tuambie pia alikuwa chini au mtini, peke yake au na wenzake, na kama anamzidi njiwa ukubwa. Na jamani, picha za kuokota mtandaoni msituchanganyie humu.