Kura ya maoni: dakika zihesabiwe kwa upande, si kwa chama

Bwana Mhariri,

Mjadala wa kubadili Katiba, uliofufuka hapa Kongo mwishoni mwa 2024, unaweza kutufikisha kwenye kura ya maoni. Kifungu cha 218 kinataka raia waulizwe, isipokuwa Bunge na Seneti wakikaa pamoja wapitishe badiliko kwa sehemu tatu kwa tano. Redio za Lubumbashi zijiandae mapema, na kwanza ziache mazoea ya uchaguzi ya kugawa dakika kwa vyama.

Kura ya maoni haina wagombea. Vyama sita vikisema Ndiyo na kimoja Hapana, kila kimoja kikapewa dakika tano, msikilizaji wa mtaa wa Katuba atasikia dakika 30 kwa 5, na mkuu wa vipindi ataapa kwamba hakupendelea mtu. Yaliwapata Ireland mwaka 1995, katika kura ya kuruhusu talaka. Vyama vikubwa vyote vilikuwa Ndiyo. RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, ikaupa upande huo dakika zipatazo 40 za kusema bila kupingwa, Hapana ikapata 10. Ndiyo ilishinda kwa kura kama 9,000 tu, kati ya zaidi ya milioni 1.6. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba mgao ule haukuwa halali.

Kwetu kuna na upande wa tatu. Katika kura ya maoni ya Katiba ya Desemba 2005, chama cha UDPS kiliwataka watu wasusie kura. Anayesusia hana alama kwenye karatasi ya kura, lakini ana hoja, naye awekewe safu yake kwenye hesabu ya dakika.

Kazi yenyewe ni ya daftari na saa ya sekunde. Fundi wa studio aandike nani amesema, upande gani, sekunde ngapi kwa sauti yake mwenyewe, saa ngapi na kwa lugha gani. Dakika tano za Kiswahili saa moja asubuhi hazilingani na dakika tano za Kifaransa saa tano usiku. Hesabu ifungwe kila jioni, maana deni la wiki tatu halilipiki siku ya mwisho. Panapoharibika zaidi ni kwenye taarifa ya habari: waziri anazindua shule, katikati ya hotuba anaombea Ndiyo kura, na redio inaandika "habari za serikali". Sivyo! Sekunde zile ni za Ndiyo. Na umeme ukikatika upande mmoja ukiwa hewani, kipindi kirudiwe saa ileile kesho yake.

Usawa wa dakika haumzuii mtangazaji kusahihisha takwimu papo hapo. Uingereza mwaka 2016 waliotaka kutoka Umoja wa Ulaya walidai nchi inapeleka huko pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya takwimu ilisema hesabu hiyo inapotosha, lakini iliendelea kutajwa hadi siku ya kura.

Tunaiomba CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari nchini, itoe fomu moja ya hesabu kwa redio zote kabla kampeni haijafunguliwa, na iamuru rekodi zote zitunzwe hadi malalamiko yaishe.

Msomaji wenu,
Lubumbashi